Kilo za Karagwe zisifungiwe ndani ya mizani

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo yaelekea ulitungwa kwa ajili ya mwenye duka, lakini hivi leo unawahusu zaidi wakulima wa kahawa wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, pamoja na kila mfanyabiashara aliyetia fedha zake katika zao hilo.

Mali ipo. Daftari nalo lipo, tena si moja. Tatizo ni kwamba madaftari hayo hayasemezani. Moja limo ndani ya mizani ya elektroniki, la pili liko mikononi mwa karani wa chama cha msingi, la tatu liko chama kikuu, na lile la nne, ambalo mnunuzi wa Ulaya analitaka, mara nyingi bado halijaandikwa.

Dawa ya tatizo hilo si ghali wala si ya kigeni sana. Kila mizani na kila kipima unyevu kinachonunuliwa na chama cha msingi lazima kiweze kutoa kumbukumbu zake zote, pokeo kwa pokeo, katika faili lililo wazi la aina ya XML, na faili hilo liwe mali ya chama. Chama kinachonunua mashine isiyoweza kufanya hivyo kinanunua sanduku ambalo ufunguo wake umebaki kwa muuzaji.

Njia ya kilo moja

Kwa wasiofahamu biashara ya huko, inafaa kueleza kilo moja inavyosafiri. Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi 2012, na hata baada ya kugawanywa zimeendelea kuhudumiwa na chama kikuu kimoja cha ushirika, KDCU, kilichoanzishwa 1990. Chini yake viko vyama vya msingi, ambavyo siku hizi vinaitwa AMCOS.

Biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2018 Serikali ilielekeza kwamba kahawa ya mkulima ipitie tena kwenye ushirika. Hivyo mkulima wa Nkwenda, Kaisho au Nyaishozi huanika robusta yake, huipeleka stoo ikiwa ya maganda, hupimiwa unyevu na uzito, kisha hupewa stakabadhi. Shehena za wakulima wengi huunganishwa kuwa loti, na loti hupelekwa mnadani.

Katika safari hiyo kilo hupimwa na kuandikwa mara nyingi. Mizani inaonyesha 48.6. Karani anaandika 48.6, au 48.5, au 48 kamili. Jioni anajumlisha. Mwisho wa wiki mwingine anainakili jumla hiyo kwenye kompyuta. Kila anayenakili ana nafasi ya kukosea, na mwenye nia mbaya ana nafasi ya kukosea kwa makusudi.

Chukua mfano wa kubuni. Chama kina wakulima 600, na kila mmoja anapima mara 10 katika msimu. Hayo ni mapokeo 6,000. Kama kila pokeo linapunguzwa gramu 400 kwa kisingizio cha kuondoa desimali, mwisho wa msimu kilo 2,400 zimekwenda zisikojulikana. Kwa bei ya mfano ya shilingi 4,000 kwa kilo, hizo ni shilingi milioni 9.6. Hakuna mkulima hata mmoja atakayelalamika, kwa kuwa aliyepoteza nusu kilo haoni sababu ya kugombana na karani.

Kumbukumbu ya mizani inaiona hasara hiyo. Ukilinganisha orodha ya mizani na orodha ya stakabadhi, tofauti hujitokeza mara moja. Lakini ulinganisho huo hauwezekani iwapo orodha ya mizani haitoki nje ya mizani.

Wastani hauonyeshi mwizi

Zipo programu za vipimo ambazo hutoa muhtasari tu, yaani jumla ya siku, wastani, uzito wa juu na wa chini. Muuzaji huusifu muhtasari huo kuwa ni takwimu. Ni takwimu kweli, ila ni zile zinazomfaa mtu asiyetaka kuulizwa maswali.

Unyevu ni mfano mzuri. Kilo 100 za kahawa yenye unyevu wa asilimia 14 zikikaushwa hadi asilimia 12 hubaki kilo 97.7 hivi. Katika shehena ya tani 20, upungufu huo ni zaidi ya kilo 450, na hakuna aliyeiba. Mnunuzi mzoefu analijua hilo, naye hulipunguza katika bei anayotaja mnadani.

Sasa, chama kikisema wastani wa unyevu wa loti ni asilimia 12.5, mnunuzi hawezi kujua kama magunia yote yako karibu na 12.5, au nusu yako 11 na nusu yako 14. Loti ya kwanza ni salama. Ya pili ina magunia ambayo yanaweza kuota ukungu ghalani. Wastani ni mmoja, bidhaa ni mbili, na asiyeona tofauti atalipa bei ya ile mbaya. Mkulima aliyekausha vizuri ndiye anayemlipia jirani yake.

Kwa hiyo kinachotakiwa kutoka kwenye mashine ni mapokeo yenyewe. Jumla na wastani kila mtu atajipigia.

XML ni kitu gani

XML si programu, na hainunuliwi dukani. Ni kanuni ya kuandika maelezo ili binadamu ayasome na kompyuta yoyote iyaelewe. Ilipitishwa 10 Februari 1998 na W3C, chombo kinachosimamia kanuni za mtandao wa kompyuta duniani. Ufundi wake ni kwamba kila tarakimu huandikwa ikiwa imefungwa ndani ya jina lake. Pokeo moja linaweza kuandikwa hivi:

<pokeo tarehe="2025-07-03" mizani="02"><uzito kipimo="kg">48.6</uzito><unyevu kipimo="asilimia">13.1</unyevu></pokeo>

Hata asiyejua kompyuta ataona kwamba 48.6 ni kilo wala si ratili, na kwamba 13.1 ni unyevu. Katika daftari la kawaida, ukurasa wa kichwa ukichanika, tarakimu hubaki yatima. Katika XML kila tarakimu hutembea na kitambulisho chake.

Faida ya pili ni kwamba faili la XML hukaguliwa na mashine kabla halijapelekwa popote. Chama huandika sheria zake: uzito usiwe sifuri, unyevu usizidi kiwango fulani, tarehe isikosekane. Faili lenye kasoro hukataliwa hapo hapo stoo, ambako kosa bado linaweza kurekebishwa kwa kumwita mkulima. Kosa hilo hilo likigunduliwa bandarini au Ulaya, hakuna wa kumwita.

Hili si jambo la kujaribia kwa wakulima wa Kagera. Tangu 2001 Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa, Umoja wa Mataifa, Benki Kuu ya Ulaya na wenzao wamekuwa wakijenga utaratibu wa pamoja wa kubadilishana takwimu unaoitwa SDMX, na moja ya sura zake kuu ni XML. Kama benki kuu hubadilishana takwimu kwa njia hiyo, stoo ya Murongo haina sababu ya kuona haya.

Ulaya imebadilisha karata

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kitaalamu yasiyohusu bei. Hao hawajaangalia soko linakokwenda.

Bei ya robusta London ilivuka dola 5,000 kwa tani Septemba 2024, na Februari 2025 ikavuka dola 5,500. Bei za namna hiyo zilimfundisha kila mtu thamani ya kilo. Lakini kipindi hicho hicho Umoja wa Ulaya ulikuwa ukiandaa mlango mpya, nao ni Sheria namba 2023/1115 dhidi ya bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu. Kahawa ni mojawapo ya bidhaa hizo.

Sheria inataka kila shehena iambatane na mahali halisi pa shamba ilikotoka. Shamba lisilozidi hekta 4 linaweza kutajwa kwa nukta moja ya latitudo na longitudo, yenye tarakimu sita baada ya desimali. Lililozidi hapo lazima lichorwe mipaka yake. Shamba lisiwe limetokana na msitu uliokatwa baada ya 31 Desemba 2020. Na kahawa yenye asili inayojulikana isichanganywe na isiyojulikana.

Utekelezaji umeahirishwa mara mbili. Kwa mujibu wa marekebisho yaliyopitishwa Desemba 2025, kampuni kubwa na za kati zimepangiwa kuanza 30 Desemba 2026, na zile ndogo 30 Juni 2027. Wengine wamechukulia kuahirishwa huko kama kufutwa. Hilo ni kosa la kibiashara. Mnunuzi mkubwa hangoji siku ya mwisho kuchagua wauzaji wake, huwachagua msimu mmoja au miwili kabla.

Aidha, katika orodha iliyotolewa Mei 2025, Tanzania na Uganda ziliwekwa katika kundi la kati la hatari, ilhali Vietnam, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa robusta, iliwekwa katika kundi la hatari ndogo. Maana yake ni kwamba robusta ya Karagwe inaingia uwanjani ikiwa na makaratasi mengi kuliko ya mshindani wake. Muuzaji mwenye makaratasi mengi na kumbukumbu mbovu hana ngarambe ya kushinda.

Na makaratasi yenyewe hayapokelewi tena kwa bahasha. Tamko la shehena linaingizwa katika mfumo wa kompyuta wa Umoja wa Ulaya. Anayetuma matamko mengi kwa mashine hutumia ujumbe uliopangwa kwa XML, na ndani yake ramani za mashamba huwekwa kwa utaratibu mwingine unaoitwa GeoJSON. Kwa maneno mengine, mwisho wa safari ni faili. Swali lililobaki ni kama faili hilo litaanzia kwenye mizani na simu ya stoo, au litaandikwa upya na karani wa kampuni ya nje, kwa gharama ambayo itakatwa kwenye bei ya mkulima.

Makosa madogo, hasara kubwa

Kuhamisha takwimu kuna mitego, nayo inafaa kutajwa kwa majina.

Mtego wa kwanza ni mpangilio wa nukta. Watu wengi huzoea kutaja latitudo kwanza, lakini GeoJSON hutanguliza longitudo. Karagwe iko karibu na longitudo 31.1 mashariki na latitudo 1.5 kusini. Namba hizo zikibadilishana nafasi, shamba la migomba na kahawa linahamia jangwani Algeria, upande wa Béchar. Alama ya kutoa ikidondoka, shamba linavuka mpaka na kutua Uganda upande wa Hoima, si mbali na Ziwa Albert. Ramani za zamani za Tanzania nazo zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960. Anayechukua namba zake na kuziingiza bila kuzigeuza anasogeza shamba kiasi cha mita 300, na mita 300 zinatosha kumweka mkulima asiye na hatia ndani ya hifadhi ya msitu.

Mtego wa pili ni namba ya kitambulisho cha taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba, na zinazobaki huzigeuza kuwa sifuri. Hivyo watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kuwa mtu mmoja mwenye kahawa nyingi ajabu. Katika XML namba hiyo hubaki kama ilivyoandikwa, mradi iwekwe kama maandishi na isipitishwe kwanza kwenye Excel.

Mtego wa tatu ni saa na tarehe. Karani aandikapo saa 4 asubuhi ana maana yake, na mashine isomapo saa 4 ina maana nyingine. Tarehe 03/07 kwa Mtanzania ni Julai 3, kwa programu iliyotengenezwa Marekani ni Machi 7, kabla hata msimu haujafunguliwa. Ndiyo sababu ya kuandika mwaka kwanza, mwezi, kisha siku, bila kumwachia mtu nafasi ya kukisia.

Mtego wa nne ni mpaka. Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na magendo ya kahawa ni habari ya miaka mingi. Faili linalounganisha kilo na ukubwa wa shamba hulionyesha jambo hilo wazi. Shamba la ekari moja linapotoa kahawa ya ekari kumi, ama kipimo kimekosewa, ama kuna kahawa ya mtu mwingine ndani yake. Gunia moja la aina hiyo linaweza kuiharibia loti nzima soko la Ulaya.

Faili halisahihishi mizani

Haki inataka hoja za upande wa pili nazo zisikilizwe.

Hoja ya kwanza ni kwamba mizani iliyochezewa itatoa uongo uliopangwa vizuri. Ni kweli. XML haiwezi kuifanya mizani mbovu iwe nzuri. Kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo, wenye mamlaka ya kukagua mizani na kuiwekea alama. Lakini faili linaweza kubeba namba ya mizani na tarehe ya ukaguzi wa mwisho, ili mnunuzi na mkulima wajue kilo zao zilipimwa na nini.

Hoja ya pili ni gharama, umeme na mtandao. Hapa pana kutia chumvi. Faili la XML ni maandishi matupu. Mapokeo ya siku nzima yanaweza kuhifadhiwa kwenye simu au kadi ndogo na kupelekwa makao makuu kwa pikipiki, siku ambayo mtandao haupo. Gharama kubwa hutokea pale chama kinapogundua, baada ya kununua mashine, kwamba kila kutoa takwimu kunalipiwa leseni.

Hoja ya tatu ni kwamba XML imezeeka na vijana wa kompyuta wanapenda njia nyingine. Hilo nalo si neno. Faili lililo wazi na lenye majina kamili hugeuzwa kuwa la aina nyingine kwa dakika chache. Faili lililofungwa haligeuki hata kwa mwaka.

Hoja ya nne ndiyo nzito: takwimu hizi ni za nani? Orodha yenye jina la mkulima, mahali pa shamba na kilo zake ni hazina. Mlanguzi akiipata, anajua nyumba ya kugonga mapema wakati kahawa bado iko mtini, na biashara ya butura, ambayo humnyima mkulima bei ya haki, inapata ramani ya bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 2023, na vyama vya ushirika haviko nje ya dhana yake. Kufungua faili kwa chama si kulitupa barabarani. Mnunuzi apewe nukta za mashamba na uzito wa loti aliyoinunua. Majina na simu za wakulima yabaki chamani.

Kinachopaswa kuandikwa kwenye mkataba

Tume ya Maendeleo ya Ushirika tayari ina mfumo wake wa kompyuta wa kusimamia vyama, unaojulikana kama MUVU, na mizani za kidijitali zimekuwa zikihimizwa katika mazao mengi. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, mizani ya kidijitali isiyotoa faili ni mizani ya zamani yenye taa.

Kabla ya msimu, bodi za vyama vya msingi vya Karagwe na Kyerwa zinaweza kuweka masharti manne katika mkataba wa ununuzi wa vifaa. Kwanza, kifaa kitoe mapokeo yote katika faili lililo wazi, bila malipo ya ziada. Pili, maelezo ya faili hilo yakabidhiwe kwa maandishi pamoja na kifaa. Tatu, pokeo lililofutwa au kurekebishwa libaki likionekana, pamoja na jina la aliyelirekebisha. Nne, mkataba ukiisha, kumbukumbu zote zibaki kwa chama.

Wawekezaji wadogo wanaotaka kununua hisa au kukopesha katika biashara ya kahawa nao wana swali moja la kuuliza kabla ya kutoa fedha: chama hiki kinaweza kuonyesha mapokeo ya msimu uliopita, moja moja, leo hii? Kikijibu kwamba vitabu viko kwa mkaguzi, au fundi wa mashine amesafiri, jibu limeshapatikana.

Mkulima wa Karagwe amezoea kuambiwa kwamba bei inapangwa London. Hilo hawezi kulibadili. Kilo zake, hata hivyo, hupimwa mbele ya macho yake, kwenye stoo ambayo yeye ni mwanachama wake. Haziwezi kuwa siri kwake.